Tulivyokwenda Kuwaulizia Kina Baxter

Mpaka kwa daktari wa meno, Balqis! Wallahi, mpaka kwa daktari wa meno, Ruwi, watu watatu wazima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeumwa na jino! Tumekwenda kuulizia posa!

Cheka. Cheka umalize, lakini usikate simu, maana hapo bado sijafika popote. Nnayo mengine ya leo mchana, na mama yangu kanikataza nisimwambie mtu. Lakini wewe si mtu, wewe ni Balqis.

Haya, nianze mwanzo. Wewe tangu uolewe Unguja huna habari za Maskati, na watu wetu wengi unawajua kwa picha tu. Shangazi yangu Nasriya unamkumbuka? Yule aliyekuja kutuchukua chuoni siku ya mahafali, mrefu, mwenye miwani, anasomesha kemia. Basi huyo. Mumewe kafariki zamani, mie bado nnavaa sare ya skuli. Tangu hapo kaposwa na wajane, kaposwa na wenye wake, kaposwa na mzee mmoja aliyekuja na mkongojo na mjukuu wa kumshika mkono. Wote kawaambia ahsante. Sasa mwaka huu kaja mtu, na shangazi hakusema ahsante. Kanyamaza. Na shangazi akinyamaza ujue kuna jambo.

Mzungu.

Eeh! Mwingereza khasa! Anaitwa Ian Baxter, mhandisi wa mabomba ya maji, mtu wa miaka hamsini na kitu, kakaa hapa mpaka kasahau baridi. Anakaa Khuwair ya Kusini, juu ya duka la kushonea kanzu. Mwislamu, tena wa kusali alfajiri msikitini, si wa kusilimu leo kwa sababu ya arusi ya kesho. Walijuana kwenye maonyesho ya sayansi ya skuli ya shangazi, yeye kaitwa kuja kutoa alama kwa vile vichujio vya maji walivyotengeneza wanafunzi. Na hakufanya mambo ya kisirisiri, hata simu hakumpigia. Kamwendea Ami Mahfoudh hapa nyumbani tunakokaa sote, kavaa suti, joto lile, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai, kamwambia kwa Kiarabu chake cha kuokotaokota, "Nataka kumwoa dada yako. Naomba mnifikirie."

Ami Mahfoudh ni kaka mkubwa wa shangazi na wa baba yangu, na tangu Babu afariki yeye ndiye walii wa kumwozesha. Mkurugenzi mstaafu wa wizara, kilemba chake hakipindi hata akikimbilia lifti. Yeye kashtuka kidogo tu. Kamwita shangazi, kamuuliza. Na shangazi, mbele yetu sote, kasema, "Mama akiwa radhi, mie nimekubali. Mama akiwa si radhi, msinitajie tena, na sitamlaumu mtu." Kisha kaingia chumbani kwake. Nikamfuata, nikamkuta anapiga pasi nguo ambayo imeshapigwa pasi.

"Shangazi, unampenda?"

"Wijdan, mie sina umri wa kulia kwa ajili ya mwanamme. Nipishe, nnaunguza nguo."

Na macho mekundu vile.

Kwa hiyo kila kitu kikabaki kwa Bibi yangu Masouda, mama yao, aliyekuja huku kutoka Zanzibari. Bibi hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kauliza neno moja tu: "Ameuliziwa?"

Unajua mambo yetu. Mtu akiposa hutazami uso wake, unawaulizia watu wake. Na Ami kwa kuulizia hana mwenziwe. Akija kijana wa kabila fulani, Ami anampigia simu mmoja wa kabila lile anayemwamini, na kahawa haijapoa keshajua babu wa kijana alikuwa mtu wa namna gani, nani kamwacha mke bila ya sababu, nani kala mirathi ya mayatima, na nani ana kisukari. Sasa Mwingereza unamuulizia wapi?

Ami hakubabaika. "Baxter ndilo kabila lao," kasema. "Tutafute Baxter mwengine hapa mjini, tumuulize."

Nikamwambia, "Ami, Waingereza hawana makabila namna yetu."

"Hilo jina la nyuma ni la nini?"

"La ukoo."

"Basi si hayohayo! Umesomeshwa miaka yote hiyo, kabila hulijui?"

Balqis, mie nimesomea tafsiri. Tafsiri!

Ami kaandika kwenye magurupu yake yote ya simu: la msikiti, la wastaafu, la waliosoma pamoja, hata lile la wafuga ngamia, na Ami hana hata mbuzi. "Nani anamjua mtu yeyote wa kina Baxter hapa Maskati, mwenye sifa njema?" Likaja jibu kutoka kwa rafiki yake mmoja, Mzee Khattab: "Yupo, mwanamke, kwenye kliniki ya meno Ruwi. Jina kalibandika kifuani. Mpole sana, alinishika mkono nilipokuwa nnang'olewa jino."

Ami kafurahi utafikiri kapata mjomba. Basi mie dereva na mkalimani, Ami mbele, Bibi nyuma kajifukiza udi kama anakwenda arusini. Njia nzima Ami ananisomesha. "Umwanze kwa heshima. Umuulize afya ya wazee wake. Usiingie kwenye jambo moja kwa moja, Wangereza wana haya." Amejulia wapi, sijui.

Tukaingia. Mapokezi kakaa dada mmoja wa rika letu, mweusi wa kung'aa, kasuka vizuri, kavaa sare ya kijani, na kifuani kweli kumeandikwa: Rachael Baxter. Ami kalitazama jina, kautazama uso, kalirudia jina. Kaniinamia sikioni, "Mwambie tunamtaka Baxter."

Nikamwambia kwa Kiingereza. Akanijibu kwa Kiingereza.

"Kasemaje?" kauliza Bibi.

Yule dada kageuka. "Nimesema ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Ungemwona Bibi! Uso wote ukafunguka. "Marahaba, mwanangu! Ebo! Kumbe mwenzetu! Watoka wapi?"

"Mombasa, mama. Kisauni. Haya, nani kati yenu anaumwa?"

"Hatuumwi," kasema Ami, keshasahau haya zote za Wangereza. "Tumekuja kuulizia ukoo wenu."

Rachael kasogeza kiti nyuma. "Ukoo wangu? Mzee, nyinyi ni watu wa vibali? Mimi makaratasi yangu yako sawa, niwaitie bosi?"

"La, la, la! Vibali hatuna haja navyo. Kuna mwenzenu kaposa kwetu, ndiyo tunauliza nyinyi ni watu wa namna gani."

"Mwenzetu nani?"

"Ian Baxter. Mwingereza."

Kacheka mpaka mgonjwa mmoja mwenye pamba mdomoni akageuka. "Aki mzee! Mimi na mzungu? Ujamaa umetokea wapi?"

"Jina moja!"

"Sasa kina Ali wote wa huku ni ndugu?"

"Hilo jina la kwanza," Ami hakati tamaa. "Hili la nyuma mtu halipati ila kwa baba yake."

"Babu ya babu yangu hakulipata kwa baba yake, mzee. Alipewa."

Hapo kaacha kucheka. Kachukua zile bibu za karatasi wanazomfunga mgonjwa shingoni, akawa anazipanga huku anasema. Huyo babu alikuwa mtoto mdogo. Waingereza walikamata chombo baharini kimejaa watu, wakawashusha Mombasa, wakawapeleka kwa wamisheni. Akaulizwa jina la baba yake. Labda hakulijua, labda alilisema na hakueleweka, labda aliogopa. Kwao kila mtu anasimulia lake. Huko Ulaya kulikuwa na Mzungu anatoa sadaka ya kulea mtoto mmoja wa misheni ile, na huyo Mzungu jina lake Baxter. Basi mtoto akaitwa Baxter.

"Ndiyo hiyo asili yetu, mzee. Hatujui hata alikuwa akiota kwa lugha gani."

Bibi kauliza, "Na hicho chombo kilikuwa kinakwenda wapi, mwanangu?"

Rachael kamtazama kwanza. Kapanga bibu moja zaidi. "Tunaambiwa kilikuwa kinakuja huku, mama."

"Huku wapi?"

"Huku, mama. Uarabuni."

Balqis, unasikia ile mashine ya kutoboa meno tu chumba cha pili. Ami kapata kitu cha kutazama ukutani, picha ya jino kubwa linacheka. Mie nikatazama viatu vyangu. Bibi kanyoosha mkono juu ya meza, kaushika mkono wa Rachael. Hakusema pole, hakusema Mungu alipenda. Kaushika tu. Halafu kauliza:

"Umekula?"

"Bado, mama. Mpaka zamu iishe."

"Ijumaa uje kwangu ule."

Rachael katutazama sote watatu, mmoja mmoja. "Ngojeni. Kwani na mimi naposwa?"

Hata Ami kacheka, japo kakiziba kicheko kwa kilemba.

Lakini tulipoingia garini, kicheko kimekwisha. "Basi mambo yamejileta yenyewe," Ami kaanza. "Jina la kugaiwa kama peremende. Huyu kapewa na Baxter, na huyo Baxter kapewa na nani? Watu hawana nasaba. Ntamwambia yule bwana hapana, kwa heshima zake."

Moyo wangu, paa! Nikamfikiria shangazi, saa ile yuko darasani anawachanganyia watoto dawa zao, hajui kuwa huku kwenye gari anakataliwa. Nikamtazama Bibi kwenye kioo. Anatazama maduka. Tukapita stesheni ya mabasi, tukapita mabenki, ndipo akasema.

"Mahfoudh. Bibi yangu mie mzaa mama, wajua jina lake?"

"Bibi Zafarani."

"Binti nani?"

Ami kaanza kuvutavuta mkanda wa gari.

"Nnakuuliza. Zafarani binti nani?"

"Sijui, mama."

"Na mie sijui. Na mama yangu hakujua. Alikuwa akitwambia kwao kulikuwa na ziwa, maji yake hayana chumvi, basi. Babu yangu ana nasaba ya kujaza ukuta mzima, mkewe hana hata baba. Na hakuna mtu aliyekaa siku moja akamuulizia."

Nilikaribia kuipita taa nyekundu! Kwetu sebuleni kuna ile nasaba kwenye fremu ya dhahabu, fulani bin fulani bin fulani, mpaka huko juu huwezi kusoma bila ya ngazi. Nimekua chini yake. Sikupata hata siku moja kuona kwamba hamna mwanamke ndani yake.

"Mama, hayo mambo ya zamani," kasema Ami, sauti imeshuka.

"Na ya huyu Mzungu ndiyo ya juzi? Mwite aje Ijumaa. Ntamuulizia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Ijumaa yenyewe ndiyo leo.

Rachael kafika mwanzo, na bakuli la mahamri na mbaazi. Bibi kaonja palepale mlangoni, kasema iliki imezidi, kala la pili. Halafu baada ya sala kaja Ian. Balqis, kaleta tende! Mtu anatuletea Waomani tende! Shangazi alipoona kutoka dirisha la jikoni kajifunika uso, "Ya Rabbi, mtu huyu." Lakini alikuwa anacheka. Sisi wanawake tuko jikoni, mlango uko wazi kidogo, shangazi kanikamata mkono hapa juu ya kiwiko, mpaka sasa pananiuma.

Ami kamkaribisha, hakuweza kujizuia: "Bwana Baxter, huyu hapa Bi Baxter."

Ian kamtazama Rachael, Rachael kamtazama Ian. Ian anajua Kiswahili kidogo, wamemfundisha wenziwe wa kazini watu wa Zanzibari. Kasema polepole, "Kumbe… nina… jamaa."

"Usikimbilie," kasema Rachael. "Kwanza tuone umeleta nini." Kaziona tende. "Aki, pole sana."

Wakala. Biriani ile ya shangazi, na Ian kala kwa mkono bila ya kuangusha punje, na mie nikaona Ami anahesabu hilo moyoni. Ilipokuja kahawa, Bibi kaweka kikombe chini.

"Ian, uliposilimu mbona hukubadili jina?"

"Imamu alinambia, mama, mtu hamkani baba yake."

Ami katikisa kichwa kukubali, halafu kakumbuka kwamba hataki kukubali, kakikaza.

"Vizuri. Na hilo jina la baba yako, nani kalianza?"

Hapo Kiswahili chake kikamwishia, nikaitwa nije kutafsiri. Nikakaa karibu na Bibi, shangazi kabaki nyuma ya mlango peke yake. Ian kaanza. Zamani sana kwao, mamia ya miaka, watu hawakuwa na majina ya nyuma. Kijiji kimoja kuna kina Yohana watano, watu hawajui wanamsema nani. Basi huyu akaitwa Yohana wa mlimani, yule wa mhunzi, yule wa mfinyanzi, na mwisho majina yakawagandia mpaka watoto na wajukuu. Na Baxter ni muoka mikate.

"Muoka mikate!" kasema Ami, kama mtu aliyepata funguo zake.

Na Ian, masikini, hajui anakochimba, kaendelea. Kwamba tena hapo mwanzo lilikuwa jina la waokaji wanawake. Mwanamme muokaji alikuwa na jina lake jengine. Baadaye watu wakachanganya, wanaume nao wakaitwa hivyo, kwa hiyo kwa ukoo wake hasa hana uhakika. "Lakini napenda kufikiri," kasema, "kwamba wa kwanza wetu alikuwa mama mmoja mwenye tanuri, na watu wakawaita watoto wake kwa kazi yake. Jina lake mwenyewe hakuna anayelijua."

Nisikufiche, nilitaka kupunguza. Mwanamke, wa jikoni, hana jina! Nikaona nimwachie Bibi huyo muoka mikate tu, nisimtaje mwanamke. Lakini Rachael Kiingereza anakijua, kanikodolea macho. Na Bibi kasema, "Wijdan, mbona yeye kasema mengi na weye umesema kidogo?" Basi nikatoa yote.

Ami kasimama. Kasimama, Balqis, kama yuko mkutanoni. "Mama, umejisikilia mwenyewe. Watu wanaitwa kwa mwanamke na mikate yake. Si baba, si babu. Hii nasaba gani?"

Nikauona ule mlango wa jikoni unasogea kidogo, kama mtu kauegemea.

"Mahfoudh," kasema Bibi. "Kule mtaani Darsait walikuwa wakikwitaje?"

"Mama…"

"Nnakuuliza mbele ya wageni. Darsait, ulipokuwa mdogo, walikuwa wakikwitaje?"

Ami kawa mwekundu, tena Ami si mtu wa kuwa mwekundu. Katazama zulia. Katazama nasaba yake ukutani, kama itamsaidia. Na mara nyuma ya mlango, shangazi yangu Nasriya, mwalimu wa kemia, mposwa ambaye hatakiwi hata kupiga chafya, kapaza sauti kwa Kiarabu:

"Wald al-khabbaza!"

Mtoto wa mama muoka mikate! Wallahi! Mtaa mzima wa Darsait ulikuwa ukimwita hivyo! Mie sikujua, Balqis. Nimezaliwa nyumba hii sikujua! Kumbe walipokuja kutoka Zanzibari Babu alikuwa mgonjwa wa kifua, hafanyi kazi, na Kiarabu chao cha kuchechemea, jirani hawajui hawa ni watu gani wala kabila gani. Bibi kajenga tanuri uani, anaoka mikate ya ufuta, Ami anaichukua kichwani kabla ya kwenda skuli, nyumba kwa nyumba. Mikate hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha. Halafu wakapata kazi za serikali, wakapata nyumba kubwa, nasaba ikatiwa fremu, tanuri likabomolewa. Mie nimezaliwa nikaikuta fremu, tanuri sikulikuta.

Ian haelewi kwa nini watu wameganda. Rachael kamnong'oneza Kiingereza, neno moja, na mtu mzima yule kafunika mdomo kwa mkono.

Bibi wala hakupaza sauti. "Waliokuwa wakinunua mkate wangu hawakuniuliza mie binti nani. Wakiuliza umeiva? Basi." Kamgeukia Ian. "Mama yako yuhai?"

"Yuhai, mama. Ana miaka themanini na mbili."

"Alikuwa akifanya kazi gani?"

"Akishona mapazia. Sote ametulea na cherehani."

"Basi mie nimekwisha kuulizia. Mahfoudh, mimi niko radhi. Mpe mkono."

Kakubali, Balqis! Hivyo tu! Lakini Ami bado kasimama, na Ami ndiye walii, asipotoa mkono hakuna nikaha. Nikamwona anaiweka sawa kanzu yake. Kisha kamuuliza Ian kwa sauti ya wizarani, "Timu gani?"

"Timu?"

"Ya mpira. Huko kwenu."

Ian kataja timu ya mji wao, kitimu hata sijapata kukisikia. "Inafungwa kila wiki," kasema. "Lakini baba alikuwa akiishangilia, na babu pia."

"Kila wiki?"

"Karibu."

"Na hamjaihama?"

"Tutaihama twende wapi?"

"Masikini," kasema Ami, na kamnyooshea mkono.

Nikakimbilia jikoni. Shangazi kakaa juu ya gunia la mchele, miwani mkononi, analia kama mtoto. Nikamwambia, "Si ulisema huna umri?" Kasema, "Nyamaza weye," kanivuta, kanikumbatia mpaka biriani ikataka kurudi.

Huko sebuleni Rachael keshaanza uchokozi. "Na mimi Baxter niko upande gani? Mahari nigawiwe sehemu yangu."

"Weye upande wa bwana arusi," Bibi kasema. "Hana ndugu hapa. Utakaa na mama yake."

"Nitakaa, mama. Lakini si kwa ajili ya jina, hilo tumeshaelewana. Ni kwa ajili ya biriani."

"Tumeelewana," kasema Bibi.

Na baadaye nimekwenda kuchukua vikombe nikawakuta wawili peke yao, Bibi anamsimulia habari za bibi yake Zafarani, lile ziwa lisilokuwa na chumvi. Rachael kakunja miguu, anasikiliza, hana mchezo tena. Kasema, "Nyinyi angalau mna ziwa, mama. Sisi hatujui kama ni ziwa au mlima." Bibi kasema, "Nambie hayo mnayoyajua." Na Rachael kaanza. Nikarudi polepole na vikombe vyangu vichafu, sikuona uso wa kuwaingilia.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo pananiwasha. Huyo mama yake Ian anakuja! Alikuwa aje tu kumtembelea mwanawe, tikiti ilikwisha katwa, hajui kitu cha posa, na ndege inatua kesho. Bibi kasema hamna cha hoteli wala cha Khuwair, mama mtu atafikia hapa, chumba cha karibu na chake. Na unajua nani kasema atakwenda mwenyewe uwanja wa ndege? Ami! "Mgeni wetu hawezi kupokelewa na teksi." Toka magharibi yuko sebuleni anajifundisha Kiingereza cha kumwambia mama mzee karibu nyumbani, na shangazi anamsahihisha matamshi, wanagombana kama watoto.

Mie ndiye mkalimani tena. Bibi kashanionya: kila atakalouliza nitafsiri lote, na kila atakalojibiwa nimpe lote, nisipunguze hata chembe. Anasema ana maswali ya kumuuliza yule mama ambayo hamuulizi mwanamme. Maswali gani? Hataki kunambia! Nimembembeleza mpaka kanitoa chumbani.

Basi kesho weka simu mkononi, usiende kwa mkweo, usipike kitu cha kuungua. Yule mama akishavua viatu mlangoni na Bibi akafungua mdomo, mie nnayashika yote kichwani, na wakipanda kulala tu nnakupigia, nikupe neno kwa neno, la Kiingereza na la Kiswahili.